Mpaka Niseme Ova

Jumanne, bado tunavuna.

Leo nimeongea mwenyewe kwenye redio ya upepo! Siku zote tangi la kombaini likijaa ngano namwachia mwenzangu aite lori, kwa sababu ya kigugumizi changu. Leo mwenzangu anaumwa, na wingu la mvua lilikuwa limeshafunika Mlima Hanang.

Nikabonyeza kitufe. Anayepokea kule stoo ni mzee, kwa hiyo lazima uanze na shikamoo, na hiyo "sh" ndiyo inayonikwamisha kuliko zote. Nilikwama, nikarudia, jasho likanitoka. Lakini hakuna aliyenimalizia neno. Hawawezi! Ukishika kitufe, wengine wanasikiliza tu mpaka useme "ova". Sijawahi kupewa nafasi kama hiyo. Nikamaliza yote taratibu.

"Marahaba, Baba Paulina," mzee akajibu. "Lori linakuja. Ova."

Kigugumizi hakijaondoka, na kikao cha wazazi cha Jumamosi bado nakiogopa. Ila jioni nilianza kuomba chumvi, mke wangu akataka kunimalizia kama kawaida yake. Nikainua kiganja.

"Bado si-si-sijasema ova."

Alicheka mpaka ugali ukapoa. Kisha akatulia, akanisubiri.