Mwandiko wa Maalim

Magogoni, Kisauni

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba, mwanangu. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mamako amepata nafuu ya homa, na paka wako amezaa kabatini mwangu.

Umeniuliza kama habari za nyumba zinazobomolewa Miritini uzibandike mtandaoni kwa jina lako au kwa jina la kubuni. Nikueleze yaliyonifika mimi.

Tulipoamriwa kuhama Likoni nilikuwa kijana. Niliandika karatasi ya kupinga, kwa herufi za Kiarabu ili wakubwa wa serikali wasiweze kuisoma, nikaibandika sokoni bila jina. Watu walikusanyika wakisomeana. "Huyu kawapa zao, wallahi!" muuza samaki alicheka. Nikajiona shujaa.

Nilisahau kwamba kuandika nilifunzwa na Maalim Athumani, katika chuo chake cha Kurani, na kila mwanafunzi wake huandika kama yeye. Wakubwa wakaambiwa huo ni mwandiko wa Maalim. Alipoonyeshwa karatasi, bila shaka alinijua. Akasema, "Ni yangu."

Walimchukua. Aliporudi hakufundisha tena. Nilikwenda kumwamkia, akaniuliza tu, "Kwenu hawajambo?" Nami nikajibu hawajambo, nikaaga. Likoni tulihama vilevile.

Bandika, Rukia, maana hayo yafaa kusemwa. Ukificha jina sitakulaumu. Ila fikiri kwanza ni nani atakayegongewa mlango badala yako. Mimi sikufikiri, na Maalim amekufa bila kusikia kwangu hata ahsante.

Babu yako, akuombeaye salama