Tani Zangu kwa Jina la Mutua

Jumatatu, 3 Machi
Miezi saba na siku tisa tangu nitoke Bungoma. Leo mawe yalikuwa magumu, patasi mbili zimevunjika. Vumbi mpaka kwenye uji.

Baada ya kula nilifungua mchezo wa anga kwenye simu. Meli yangu nimeiita Nekesa, jina la mama. Imerudi kutoka vimondoni na tani arobaini za kobalti. Nikampa Mutua wa hapa machimboni auze, kama kawaida. Kwenye kituo cha kuuzia, mwenye cheo cha chini hukatwa ushuru ishirini kwa mia. Mutua ana cheo kikubwa, hukatwa nne. Sisi watano wa machimbo tunampa mizigo, anauza kwa jina lake, kisha anagawa. Anaiita mwethya, kama ile ya Wakamba hapa Kola: leo mnalima shamba la mmoja, kesho la mwingine, na mwenye shamba anapikia wote.

Jumapili, 9 Machi
Nimepumzika, nikasoma tangazo la mchezo polepole. Msimu unaisha tarehe 31. Atakayebaki kwenye cheo cha chini kabisa anapokonywa meli. Kupanda cheo ni tani mia mbili zilizouzwa kwa jina lako.

Nikaangalia zangu. Sita. Zile za siku ya kwanza, kabla sijamjua Mutua.

Miezi hiyo yote nilikuwa nakwepa ushuru na kumpa mtu cheo changu. Shule niliachia darasa la sita, lakini kusoma najua. Sikusoma tu. Mjinga ni mimi.

Jumatano, 12 Machi
Niliwaambia wenzangu wakati wa chakula kwamba nitapokonywa meli. Mutua ni nyapara wetu, yeye ndiye anaandika nani amefika kazini, kwa hiyo watu walitazama sahani. Mwikali, anayepakia lori, ndiye aliyefungua mdomo.
"Mutua, sisi tumelima kwako tangu mwaka jana. Utapika lini?"
"Wewe mama, hata githeri hungoji iive?"
Watu walicheka. Mutua akasema sawa, zamu hii ni ya huyu wa Bungoma. Mizigo yote iwekwe kwenye ghala lake la kituoni, Jumamosi atanikabidhi niuze kwa jina langu. Nimeweka arobaini zangu pia.

Jumamosi, 15 Machi
Mutua amekuwa Gavana wa kituo. Tani za ghalani ameziuza usiku wa jana kwa jina lake. Ndizo zilizomfikisha.

Gavana ndiye anapanga ushuru. Saa nne asubuhi akapandisha wa vyeo vya chini hadi thelathini na tano. Wa vyeo vya juu ameacha nne. Wa kwanza kukatwa ni sisi tuliomfikisha pale. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemwambia mbele ya watu kwamba ni mwizi.
"Ni mchezo tu, ndugu yangu. Unalilia mawe ya simu?"
Halafu akanipanga kule chini kwenye maji, wiki nzima. Kama ni mchezo tu, mbona ananiadhibu na mawe ya kweli?

Kazini mimi hunyooshewa kidole na kuitwa wewe. Ile meli ndiyo kitu pekee huku ambacho nimekipa jina mwenyewe. Sitaiacha. Na kwake siuzi hata kilo. Kuna kituo cha mbali kinaitwa Ukingo. Sisi wa cheo cha chini tunakatwa nusu. Nusu nzima. Lakini tani zinahesabiwa.

Jumapili, 23 Machi
Safari mbili zimeingia. Kila moja siku nne kwenda na kurudi. Pamoja na zile sita, ni tani themanini na sita. Mafuta yamekula karibu pesa zote nilizobakiza kwenye mchezo. Nimepiga hesabu: hata nisipokosea, kwa safari mbili zilizobaki nitafika mia na sitini na sita.

Alhamisi, 27 Machi
Mwikali ameniambia yeye cheo alishapanda zamani.
"Nusu nilikuwa nampa, nusu nauza mwenyewe. Hakuna mtu hulima kwa jirani siku zote saba."
Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ulikuwa unamsifu sana." Nikaondoka. Nimelala na hasira juu yake pia.

Jumamosi, 29 Machi
Mwikali ameleta meli yake Ukingo, tani arobaini. Amenipa zote niuze kwa jina langu. Nikamwambia nitampikia. Akasema nisimpikie, amesikia vile ninavyopika.

Jumatatu, 31 Machi
Mia mbili na sita. Cheo: Mchuuzi. Ushuru wangu hapa Ukingo sasa ni kumi na sita kwa mia. Ndani ya Nekesa hakuna kitu, hata mafuta ya kurudi vimondoni sina. Iko pale, imefungwa gatini, yangu.

Leo mvua imenyesha, hatukuchonga. Nimefua nguo.

Mkataba wa machimbo unaisha Julai. Jumamosi, tarehe 26 mwezi huo, nitakuwa nyumbani.