Kura ya Mjomba Shem na Daftari la Zamu

Chumba 214, Nyumba za Wafanyakazi,
Al Qusais, Dubai.
Jumapili, 8 Februari 2026

Mpendwa Mjomba Shem,

Salamu zangu za heshima zikufikie wewe, mkaza mjomba Dorah na wote wa bomani. Hamjambo? Mvua imefika? Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa? Mimi huku ni mzima, kazi inaendelea vizuri na kila kitu ni sawa.

Natumaini unasoma haya ukiwa umevaa miwani. Nimemwagiza Everlyn, mlinzi mwenzangu anayeruka kesho kuja huko kwa likizo, asikupe barua kabla hujaivaa. Sababu utaikuta mbele, usiruke.

Naandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yako huiweka sauti kubwa, na mwenyekiti wa tawi la chama ana duka mlango wa pili. Kura ya mjumbe ni siri. Mara ya mwisho nilipokuuliza habari za mchujo, nilijibiwa na watu watatu kabla yako.

Barua yako imefika. Ina mistari kumi na minne: kumi na mmoja ya mchujo wa urais, miwili ya ng'ombe, na mmoja wa kuniuliza hali. Sawa, nimezoea. Unasema mdahalo wa wagombea wetu watatu uliusikiliza redioni hadi maombi ya kufungua, ukashtukia maombi ya kufunga. Unasema pia kwamba Jumamosi, kwenye mkutano wa wajumbe, utampigia yule nitakayekutajia mimi. Mjomba, huo ni mzigo. Mkutano uliopita ulichagua kwa kufuata kofia uliyogawiwa, na kofia yenyewe ikapauka kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo safari hii nimefanya kazi.

Mdahalo tuliutazama Jumapili iliyopita baada ya ibada, kwenye simu ya Jovia, tumeiegemeza kwenye sufuria ya ugali. Jovia ni Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, mlinzi kama mimi, ila mimi ndiye msimamizi. Nchi si yake, chama si chake, lakini alichagua upande kabla hata wagombea hawajaketi.

"Mimi niko na yule mama," akasema. "Umeona viatu vyake? Hivyo ni viatu vya mtu anayetembea."

Nikamwambia mimi ni wa Mzee Samuel na sibadiliki.

"Basi, supavaiza, atakayebadilika atapiga pasi sare za chumba kizima, mwezi mzima."

Tukapeana mikono. Chumba kina watu wanne, Mjomba, na kila sare ina mifuko sita.

Unajua kwa nini nilikuwa wa Mzee Samuel. Ulinilea hivyo. Naamini mtu ale jasho lake, mtoto aamkie wakubwa, na serikali ikae mbali na sufuria yangu. Nilikuja huku na sanduku moja lenye zipu mbovu, na sikumpigia mtu magoti. Mzee Samuel anasema hayo hayo, tena kwa sauti ya mzee wa kanisa.

Tuanze na kijana Jeremy, tummalize. Anaahidi ajira milioni nne kwa miaka mitano. Nilichukua kalamu. Hao ni watu 2,191 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Mimi kumpata mlinzi mmoja asiyelala kazini kulinichukua wiki tatu. Jeremy khalas, amekwisha.

Wakabaki Mzee Samuel na Mama Judy, yule aliyekuwa gavana. Mama Judy simpendi. Nywele amezipaka rangi ya chai ya maziwa, anamkatiza mzee akizungumza, na mambo ya dini anayagusa kama mtu anayejaribu kama pasi imeshika moto.

Halafu mwendesha mdahalo akawauliza wote swali moja: ofisi uliyotoka, uliacha nini kibovu?

Hapo nikuelezee kazi yangu kidogo. Kwenye ghala letu la vigae, zamu hubadilishana saa kumi na mbili, asubuhi na jioni. Anayetoka haondoki mpaka amkabidhi anayeingia: funguo arobaini na saba, mitungi ya kuzimia moto kumi na miwili, na kwenye daftari la zamu aandike kilichoharibika. Mwaka juzi Sulaiman aliandika "Kila kitu sawa", akaenda kulala. Mlango wa nyuma ulikuwa umeegemezwa tu ukutani. Bawaba alikuwa nazo mfukoni, anazihifadhi zisipotee. Mlango ukamwangukia bosi, arbab tunavyomwita, akiwa na wageni. Tangu siku hiyo, mlinzi akiniambia kila kitu sawa, mimi huwasha tochi.

Jeremy akajibu kwamba hajawahi kuacha kitu kibovu kwa sababu hajawahi kushika ofisi. Watu wakapiga makofi. Mzee Samuel, waziri wa miaka minane, akatabasamu. "Niliacha kila kitu sawa."

Jovia alinyoosha mkono kitandani kwangu, akachukua tochi yangu, akaiwasha, akammulika mzee usoni mle ndani ya simu.

Mama Judy hakutabasamu. Akasema mashine ya eksirei ya hospitali kuu aliiacha imekufa kwa miezi kumi na minne. Barabara ya kilomita ishirini na mbili, zilikwisha tisa. Ghala la mbolea lilipungukiwa magunia mia tatu, mshika funguo alimsimamisha kazi, na kesi bado. Hakusoma popote. Mjomba, nimepokea zamu miaka kumi na moja, sijakabidhiwa vizuri hivyo.

Siku tatu nilimtafutia Mzee Samuel visingizio. Nilijiambia labda mzee alichoka. Nikampa alama za umri, nikampa alama za ibada, hesabu ikakataa. Mtu anayesema miaka minane hakuna kilichoharibika, mimi nisingempa hata ufunguo wa choo. Jumatano nikamwambia Jovia nimebadilika. Hakucheka. Alileta tu pasi.

Kwa hiyo Jumamosi mpigie Mama Judy. Simpendi, na wewe hutampenda. Mpigie.

Sasa rudi juu kabisa, pale pa salamu. Nimekuandikia kila kitu ni sawa. Ndivyo ninavyoandika miaka yote hii, na siwezi kumnyima Mzee Samuel kura kwa jambo ninalolifanya mwenyewe. Nakukabidhi: goti la kulia linauma tangu Agosti, ngazi nazipanda kama mtoto. Gari jeupe katika ile picha iliyo ukutani kwenu ni la arbab. Mimi nilikuwa nalilinda. Na Desemba nne mfululizo nimesema narudi. Tiketi naiweza. Naogopa kufika huko na kukosa la kulinda. Hayo ndiyo mabovu. Mengine ni sawa kweli.

Nawe unikabidhi. Umeandika "sisi wazima", lakini mistari yako inapandana, na wa mwisho umeanguka nje ya karatasi. Neno la mwisho nadhani liko mezani kwako. Karatasi ya kura ina picha tatu ndogo, na ukikosea kisanduku umempa Jeremy. Miwani nimeinunua dukani Al Mankhool, nguvu yake namba tatu. Isipokufaa, sema haifai.

Nisalimie mkaza mjomba Dorah, dada Auleria na watoto wake, na mwenyekiti wa tawi, ila yeye barua asiione. Mungu akutunzie macho, akupe njia kavu Jumamosi.

Mpwa wako akupendaye, mpiga pasi wa Chumba 214 hadi tarehe nne Machi,

Dorcus