Mwenye Sharubu kwenye Ukuta wa Maprofesa

Jumatatu, 4 Machi
Jumamosi chuo chetu cha udaktari kinatimiza miaka hamsini. Mimi, mtunza kumbukumbu, nimetwishwa kuandika maelezo ya picha kumi na mbili za maprofesa mashuhuri. Wa kwanza alianzisha wodi ya watoto. Wa pili alimaliza upasuaji kwa tochi, umeme umekatika! Wa tatu, mwalimu wa kwanza wa anatomia, ana sharubu kama brashi ya viatu. Kazi tamu. Naandika huku natafuna karanga.

Jumanne, 5 Machi
Makubwa! Binti wa huyo wa tatu kaja kumwona babake ukutani. Kavaa miwani, kavua, kavaa tena. Eti huyu si baba, baba hakuwahi kufuga sharubu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 6 Machi
Nimempelekea picha Fundi, mzee wetu mstaafu aliyekuwa akiandaa maiti za wanafunzi kujifunzia. Kacheka mpaka mkewe katoka jikoni. Kasema: ni mimi, mwanangu! Profesa aliona haya kupigwa picha, akamvika Fundi koti lake, akamsukuma mbele ya kamera. Miaka yote akiipita picha asubuhi anajiamkia! Mkewe kadakia: sharubu hizo nilimnyolesha siku ya harusi, zilikuwa zinachoma. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Alhamisi, 7 Machi
Mkuu wa chuo hacheki. Picha ishushwe kesho. Ukuta ni wa maprofesa, si wa wahudumu wa maiti. Roho imeniuma. Na Fundi nimeshamwalika aje kesho aione—kapiga suti pasi kabisa! Nimewapigia simu maprofesa wawili. Mdomo wangu huu!

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu kaja na ngazi. Kawakuta maprofesa wa upasuaji na wa macho wamesimama chini ya picha, mikono kifuani. Wa upasuaji, mkali kama pilipili, kasema aliyemfundisha kushika kisu ni Fundi, jioni, walimu wameshakwenda zao. Wa macho kasema hata yeye, tena siku ya kwanza alizimia, Fundi akamdaka. Mkuu kaikunja ngazi. Kumbe naye alifundishwa na Fundi! Haya, kasema, ibaki. Andika jina lake kamili.

Wa upasuaji kamtazama wa macho. Wa macho kaangalia viatu. Wote wakanigeukia mimi—na mimi miaka ishirini ni Fundi, Fundi, Fundi, jina lake silijui! Aibu gani hii? Nimekimbilia ofisini eti natafuta faili lake, ndipo naandika haya. Faili hakuna. Na fimbo yake naisikia ukumbini, anakuja, anamsalimia kila mtu kwa jina.