Mdomo Wazi, Mstari wa Mbele

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mdogo wangu, na kwamba lile goti halikusumbui tena ukipanda ngazi. Mimi Chiriku wako sijambo kwa afya, ila moyo haujatulia. Barua hii nimeianza na kuichana mara kadhaa. Tafadhali usiisome mbele ya wageni.

Uliniuliza habari za muziki. Shule ina kila kitu kama tulivyoambiwa: darasa la kusoma nota, bendi ya matarumbeta, kikundi cha magitaa, na kwaya uliyonisisitizia. Nilipojaribiwa niliimba vizuri, nikachukuliwa hapo hapo. Mwalimu wetu ni mama mfupi, mkali kama pilipili, anayeamini kwamba mwimbaji anajulikana kwa mdomo. Ukiubana, unakwenda nyuma. Mimi ulinifundisha kuufungua tangu nina mapengo, basi nikawekwa mbele, na kila mazoezi wenzangu wanaambiwa wanitazame.

Nyuma yangu tu alikuwa anasimama rafiki yangu tunayemwita Spika. Huyo anaimba kaibana midomo, lakini sauti inayomtoka, Mama, inasisimua mwili mzima. Sasa sikia balaa. Mwezi uliopita mwalimu alisimamisha wimbo katikati, akamgombeza Spika kwamba anapiga kelele na kunifunika, apunguze. Maskini, akapunguza. Tulipoanza tena, upande wetu wote ukapoa kama chai ya jana. Mwalimu akakuna kichwa, akasema bila shaka nimechoka, nipumzishe koo. Spika akahamishiwa nyuma kabisa, karibu na kabati la ngoma. Ubeti wa peke yake wa siku ya wazazi, ambao kila mtu alijua ni wake, nikapewa mimi, na mazoezi yake nikawa nayakwepa kwa kusingizia koo. Tangu hapo akawa hanisemeshi. Yeye analala kitanda cha juu, mimi cha chini. Anapanda na kushuka uso kaugeuzia ukutani.

Mdogo wangu kaniandikia kwamba umeshashonesha gauni, na kwamba fundi cherehani mwenyewe anakuja nawe kunisikia. Niliposoma hayo nikachukua kalamu.

Mama, sauti sina. Wiki chache baada ya kufika hapa ilivunjika, kama inavyowatokea wavulana wa umri wangu. Nikipanda juu inapasuka, nikishuka inakwaruza kama mlango wa stoo yetu. Nikaona aibu, nikawa nafungua mdomo tu. Wallahi tangu hapo sijaimba hata neno kwenye kwaya. Sauti aliyokuwa anaisifia mwalimu ni ya Spika, naye kaadhibiwa kwa kuwa nayo.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Spika tukiwa tunafua. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa nini nilinyamaza alipopelekwa nyuma. Nilimsuuzia shati lake. Tulikwenda kwa mwalimu pamoja, akanitaka niimbe. Niliimba. Mwalimu hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Akasema ubeti urudi kwa mwenyewe, na mimi nijaribu lile tarumbeta kubwa la bendi mpaka koo litulie. Nilimuuliza kama sauti yangu ya zamani itarudi. Akasema hapana, itakuja nyingine, na wala hajui itakuwaje.

Kwa hiyo ukija usinitafute mstari wa mbele. Njoo na gauni lako hivyo hivyo, umpigie Spika makofi kama wa kwako, maana wazazi wake hawataweza kufika. Fundi mwambie lolote utakaloona linafaa.

Kinachoninyima raha hasa ni likizo. Utakuwa jikoni unaosha vyombo, utaanzisha wimbo wetu kama kawaida, halafu utaniachia nafasi niitikie. Nitaitikia na nini, Mama? Naomba siku hiyo uanze chini kidogo.

Nisalimie mdogo wangu, na umwambie asiguse redio yangu. Kila nikisikia gari langoni nadhani ni jibu lako.

Mwanao akupendaye,
aliyekuwa Chiriku