Mfuko wa Ndani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji, na huyo mtoto ambaye babu yake humwona kwenye kioo cha simu tu. Natumaini mafua yaliyokusumbua yamekwisha. Mimi jirani yenu mwili ni mzima. Mengine yasome ukiwa umekaa.

Najua shangazi yako alikwambia kwamba waifai ya baba yako imeharibika, ndiyo maana hamwonani siku hizi. Usimkasirikie, alitaka kukupunguzia mawazo. Haikuharibika. Jumamosi iliyopita walikuja polisi, wakang'oa kile kisanduku ulichomwekea juu ya kabati la saa anazotengeneza, wakachukua na simu yake. Yeye mwenyewe pia wakaondoka naye. Alitoka na malapa, kile kioo chake cha kukuzia kikiwa bado kinaning'inia shingoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtu aliandika mtandaoni, kwa jina la bandia, kwamba msimamizi wa kile kiwanda cha nguo kilichonifukuza kazi ndiye anayewavizia watoto wakitoka shule. Watu hawakuuliza mara mbili. Walimngoja getini jioni, wakampiga kwa mawe na mateke. Yuko hospitali, jicho moja limekwenda, na madaktari hawasemi kama atatembea tena. Hakuna mtoto aliyewahi kuguswa. Polisi waliufuata ujumbe ule mpaka kwenye laini ya baba yako.

Mpelelezi alitukusanya majirani uani akatusomea sheria. Alisema kutumia intaneti ya mtu bila idhini yake ni kosa, hata kama hukuvunja mlango wala kufuli, na kwamba mwenye laini ndiye anayeulizwa kwanza juu ya kilichopita humo. Akauliza nani mwingine anaijua paswedi. Kila mtu alitazama viatu vyake, mimi nikiwa wa kwanza. Ndipo mama mwenye duka, ambaye mdomo wake haujui likizo, akadakia kwamba Mzee ni mtu wa kuzima kila kitu, hata pasi iliyopoa huirudia mara tatu, na akitoka nyumbani lazima kisanduku kichomolewe. Masikini, alidhani anamtetea. Mpelelezi akasema vizuri sana, basi kama kilikuwa kinawaka saa nne asubuhi ile ujumbe ulipotumwa, Mzee alikuwa nyumbani. Kesi ikamkaba hapo.

Jumatano nilimpelekea chakula mahabusu. Nilikwenda nimejipanga kusema, lakini nilipomwona alivyokonda, nikafunua bakuli la chakula badala ya mdomo. Yeye akaulizia koti lake la kijivu, aliloniletea kabla ya haya yote nilibadilishe bitana, kile kitambaa cha ndani. Akasema nisiwe na haraka nalo, ila mfuko wa ndani niushone niufunge kabisa, hana haja nao tena. Aliniangalia machoni aliposema hivyo, na unajua macho yenyewe hayaoni vizuri.

Nilipofika nyumbani nikaingiza mkono. Mlikuwa na kadi yake ya kliniki ya macho, imepigwa mhuri wa siku ileile: ameingia saa tatu asubuhi, ametoka saa saba mchana. Dada, baba yako hakuwa nyumbani. Kadi hii ingemtoa siku ya kwanza. Lakini ingeleta swali jingine: kama si yeye, ni nani?

Ni mimi. Paswedi niliisoma nyuma ya kisanduku siku niliyomsaidia kusogeza kabati. Ulipolalamika kwamba sura ya baba inagandaganda, ni mimi nilikuwa nashusha picha za magauni upande wa pili wa ukuta. Nilijiambia, taa ya jirani ikimulika kwangu nimeiba nini? Haya tu ndiyo iliyonizuia kubisha hodi na kuomba. Kumbe alijua, na alishanipa. Kwa miezi minane alikuwa akitoka bila kuchomoa, nami nikidhani uzee unamsahaulisha. Asubuhi ile hasira za kufukuzwa zilinipanda, nikamzushia yule msimamizi uongo. Nilitaka aaibike tu, wallahi. Sasa kila nikifumba macho namwona pale getini.

Kesi inatajwa Jumatatu. Barua hii nampa shangazi yako anayesafiri kuja kwenu Jumapili, akidhani ina vipimo vya gauni lako. Ukimaliza kuisoma nitakuwa nimeshasimama mahakamani, kadi mkononi, nikasema ni mimi. Siombi unisamehe, maana hata mimi sijaweza. Ninachoomba ni baba yako arudishiwe simu yake mapema, akupigie.

Msalimie shemeji. Mtoto mbusu, umwambie babu anarudi nyumbani. Koti limekwisha, lina bitana mpya na vifungo vyote. Mfuko wa ndani sikuushona.

Ni mimi, jirani yenu wa ukuta mmoja,
Mama Cherehani