Nilipigisha Watu Makofi Katikati ya Kimya

Alhamisi. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukunja vidole, na hata sasa mawingu yamekaa tu juu ya Kayole kama hayana pa kwenda.

Nimemkosea Mama Kevo. Nimemkosea pia Mwalimu Zaituni, lakini Mwalimu ashanisamehe na chai akanipa. Mama Kevo bado.

Wacha nieleze vile ilikuwa, bila kujipendelea.

Mimi kazi yangu ni MC. Harusi, besdei, mchango wa kanisa, mtu akifungua duka, naitwa. Nina spika zangu na maiki yangu, na watu wa huku wananijua kwa makofi. Nikisema "Makofi ya kilo!" hata mtoto aliye mgongoni kwa mamake anapiga, pa, pa, pa. Kitu MC anaogopa kuliko mvua ni kimya. Ukumbi ukinyamaza, watu wanasema MC amelala kazini. Nimezoea hivyo mpaka mkono wangu hushika maiki kabla kichwa hakijafikiria.

Sasa Jumamosi iliyopita Mwalimu Zaituni aliniomba nimsaidie na spika kwa ukumbi wetu wa mtaa. Huyu ni mama amestaafu, anaishi Komarock, na alifundisha Kijerumani sekondari mpaka akazeeka nacho. Siku hizi anageuza mashairi ya mtu mmoja wa huko Ujerumani kuwa Kiswahili. Jina la huyo mtu siandiki. Kila nikijaribu kulitamka, Mwalimu anafumba macho kama ameumwa na jino, kwa hivyo mimi namwita tu Mjerumani.

Kabla ya kusoma, Mwalimu alieleza jambo. Mimi wakati huo nilikuwa nje nahangaika na waya ya stima, sikusikia. Nilikuja kuambiwa baadaye, alieleza kwamba shairi ni la mtaa alikozaliwa Mjerumani. Linapita mlango kwa mlango likitaja majirani, fundi wa viatu, mama wa maziwa. Likifika kwa mlango wa familia iliyochukuliwa wakati wa vita na haikurudi, halisemi kitu. Mjerumani ameacha nafasi tupu. Msomaji ananyamaza hapo, kisha anaendelea na mlango unaofuata. Mwalimu akaambia watu: nikinyamaza, kila mtu aweke pale jina la mtu wake.

Mimi naingia, shairi lishaanza. Nasikia fundi wa viatu, nasikia mama wa maziwa, halafu kimya. Naangalia watu, wameinamisha vichwa. Nikajiambia, maskini mama wa watu amesahau maneno, na ukumbi umelala. Wacha nimuokoe.

Nikashika maiki. "Mjerumani ameishiwa na bando! Mpeni makofi ya kilo!"

Wakapiga. Hapo ndipo panaponiuma, kwamba walipiga, kwa sababu nimewazoesha. Wengine wakacheka. Nikaweka ngoma. Mwalimu akakunja karatasi zake akaketi.

Shairi halikumalizwa.

Jumapili nikaweka video kwa status yangu. Watu wakanitumia vicheko. Nikajiona mjanja sana.

Jumanne nikapitia kwa Mama Kevo kununua chapati. Ana meza yake karibu na geti la ploti yetu. Kila mtu hapa anajua habari ya Kevo, kijana wake. Jioni moja aliitwa getini, akaingizwa kwa gari, na mpaka leo hakuna aliyeona hata kiatu chake. Kaburi hakuna. Matanga hayajawahi kufanywa, maana ukifanya matanga umekubali.

Nilimsalimia, hakuitikia. Akafunga chapati polepole kwa gazeti.

"Baba Wanja, leo hunipigii makofi?"

Nikacheka. "Ya nini tena, Mama Kevo?"

"Si nimekuuzia chapati? Wewe si unapigia kila kitu?"

Jamaa mmoja aliyekuwa anakunywa chai akaanza kucheka, halafu akaona uso wa yule mama, akaangalia kikombe chake.

Mama Kevo akaniambia bila kupandisha sauti. "Jumamosi nilikuwa nimefika kwa Kevo. Mwalimu alisema tuweke jina. Mimi jina la mtoto wangu sijawahi kupewa mahali pa kuliweka. Kanisani wananiambia niombe arudi. Polisi wananiambia nirudi kesho. Nikaliweka pale, polepole. Ndio nasikia kilo."

Nilisimama na chapati mkononi.

Na kuna kingine lazima nikiandike. Kila mara huyu mama akianza habari ya Kevo, mimi huleta mzaha. Nasema namchangamsha. Uongo. Naogopa tu vile hewa inakuwa nzito.

Jana nikaenda Komarock kwa Mwalimu. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Akafungua mlango akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Karibu, MC. Viatu vina matope, viache hapo nje pamoja na makofi."

Hayo ndiyo matusi yote aliyonipa. Akaleta chai ya iliki, na nilipoanza kuomba msamaha akanikatiza. Akasema shairi lile limesomwa vibaya na watu wenye digrii, halitavunjika kwa sababu yangu. Halafu akaanza kunieleza habari ya Mjerumani, na mimi nikakaa pale mpaka chai ikapoa.

Alikuwa mtoto tu vita ilipoanza. Wakubwa walikuwa wanapiga kelele kwa maiki, taifa, ushujaa, damu, na yeye akapiga kelele pamoja nao. Hakuficha hilo baadaye. Akapelekwa vitani na bunduki iliyomzidi uzito, akashikwa, akakaa kambini nyuma ya waya. Aliporudi, mji wao ulikuwa rundo la matofali na mamake anaishi chini ya ardhi, kwa chumba cha kuwekea makaa. Akabeba matofali mchana. Jioni akaandika.

Na akaandika kwa maneno madogo. Kikombe, mlango, koti, mkate. Mwalimu anasema yale makubwa yalikuwa yamechafuliwa na wenye maiki, hakuona vile angeyaosha. Watu wakimwambia wacha mambo ya zamani, sisi tunajenga, yeye anawauliza mnajenga juu ya nani. Aliitwa kusoma, watu wakiinuka wakitoka anaendelea kusomea waliobaki. Alizeekea nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la kutengeneza baiskeli, na kila insha ya kuwalaumu wenzake aliianza na kosa lake mwenyewe.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nane. Sikujua mtu anaweza kuwa shujaa kwa kukataa kupiga kelele.

Kuna insha moja Mwalimu alinisomea, nikamwomba airudie. Ni ya ile jioni familia ya jirani ilichukuliwa. Yeye ni mtoto, wako mezani na supu. Wanasikia buti kwa ngazi, wanasikia mlango wa jirani. Babake anainuka. Mtoto anafikiri baba anaenda kufungua. Baba anaenda kwa redio, anaongeza sauti. Wanaendelea kula.

Maisha yake yote, Mjerumani aliandika akijaribu kuzima ile redio.

Sikumwambia Mwalimu nilichofikiria. Nadhani aliona. Nilikuwa naangalia mikono yangu.

Niliuliza kama anaweza kusoma tena, shairi lote, Jumamosi hii. Akanyamaza kidogo (safari hii nikamwacha anyamaze). Akasema atasoma, lakini Mama Kevo akubali kwanza, na mimi ndiye wa kumuuliza.

Video nimeifuta. Nilikuwa na besdei mtaa wa Lucky Summer hiyo Jumamosi, nimempa kazi MC mwingine. Wanja, msichana wangu, ananiuliza kama ni mgonjwa.

Nimeogopa kumuuliza Mama Kevo siku nzima. Nimepitia njia ya nyuma ya ploti ili asinione, mtu mzima na tumbo langu.

Kwa hivyo naandika hapa ili nisikwepe. Kesho Ijumaa asubuhi, kabla hajawasha jiko, nitaenda kwa meza yake na kusema nimekosa, bila mzaha. Nitamwomba anieleze Kevo alikuwa mtu wa aina gani, na nitasikiza mpaka amalize. Hata akikataa mambo ya ukumbi, hiyo nitaifanya.

Akikubali, Jumamosi saa kumi alasiri. Spika zitabaki nyumbani. Nitapanga viti, nitasimama mbele bila maiki niseme nilichofanya, nani nilimfanyia, kisha niende kuketi nyuma kabisa.

Na Mwalimu akifika kwa ule mlango, mikono yangu nitaikalia.